Swali la Fundi wa Simu



Fundi wa simu za ofisini akishavuta waya, akatundika kisanduku chake ukutani na kupanga simu mezani, ujue bado hajaanza kazi. Kazi inaanza anapotoa kalamu na kumuuliza mwenye ofisi: "Mzee, hii ya mapokezi ikilia na dada hayupo, ikalie wapi?" Mwenye ofisi anamtazama meneja, meneja anamtazama mhasibu. Fundi anaendelea. Na huko nako ikikosa mtu? Na usiku? Na wewe mwenyewe ukiwa na mgeni, simu zako azipokee nani? Hakuna jibu. Inaagizwa chai. Nimeishuhudia hali hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara naondoka na wazo lilelile: watu wanadhani wamenunua simu, kumbe wamenunua maswali waliyokuwa wakiyakimbia tangu siku walipofungua ofisi.

Basi leo tuzungumze juu ya simu ya mezani ya kidijitali. Nasema ile yenye safu ya vitufe pembeni, kila kitufe na kitaa chake, na kijikaratasi chini ya plastiki cha kuandikia jina. Najua kuna kijana ananisikiliza sasa hivi akiwa kwenye daladala, anacheka: simu ya mezani, zama hizi? Usishuke kituo kabla sijamaliza, mdogo wangu.

Nitaizungumzia nikiwa nawaza Madale, pembezoni mwa Dar es Salaam. Wasikilizaji wengi wa mikoani walilisikia jina hilo mwanzoni mwa Januari 2010, taifa lilipompumzisha waziri mkuu wa zamani, Mzee Rashidi Kawawa, nyumbani kwake huko. Miaka hiyo ukimwambia mtu wa Kariakoo unakwenda Madale alidhani unakwenda kuangalia shamba. Leo ukipanda kutoka Tegeta, ukapita upande wa Wazo ambako malori ya saruji hayalali, unakutana na mji kamili: zahanati, shule za mchepuo wa Kiingereza, vituo vya mafuta, maduka ya nondo na mabati, ofisi za madalali wa viwanja, kumbi za harusi. Ofisi zimejaa. Ila mji huu umeota baada ya simu ya mkononi kushika nchi. Mobitel ilianza kuuza laini mwaka 1994, Vodacom ikaingia mwaka 2000, na watu waliohamia pembezoni mwa Dar es Salaam miaka iliyofuata hawakuwa na sababu ya kusubiri nguzo na waya wa shaba wa TTCL. Kwa hiyo Madale iliruka hatua. Kuna wafanyabiashara wakubwa kabisa kule ambao hawajawahi kumiliki namba inayoanza na 022.

Na si Madale peke yake. Kufikia mwisho wa mwaka 2022, hesabu za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, zilionyesha laini za simu nchini zimepita milioni 60. Za mezani hazikufika laki moja.

Sasa tazama kibao cha zahanati yoyote ya pembezoni mwa mji. Chini ya jina na msalaba mwekundu kuna namba ya mkononi. Ukiuliza ni namba ya nani, utaambiwa ni ya zahanati. Uliza tena: imesajiliwa kwa jina la nani? Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Tangu usajili wa alama za vidole uanze Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, kila laini ina kidole nyuma yake. Kampuni inaruhusiwa kusajili laini kwa jina lake, ikipeleka nyaraka zake na mwakilishi wake. Lakini ofisi ndogo ilikuwa na haraka, na dada wa mapokezi alikuwa na kitambulisho cha NIDA mkononi, kidole kikawekwa, kazi ikaisha. Sasa dada akipata kazi nzuri zaidi Kigamboni, anaondoka na nini? Anaondoka na namba. Anaondoka na wagonjwa wanaompigia usiku, na majibu ya vipimo yaliyotumwa WhatsApp, na jina la zahanati lililoandikwa kwenye simu za watu mia tatu wa Mivumoni na Goba. Hakuiba kitu. Alipewa.

Simu ya mezani ya ofisi ilijengwa juu ya mpango mwingine kabisa. Namba yake ni ya kiti. Anayekaa kwenye kiti anaitumia, akiondoka anaiacha, anayekuja anaikuta. Katika ofisi za umma za zamani pale mjini ulikuwa unapiga, opereta wa swichibodi anapokea, unamwambia "naomba mia mbili na kumi," anakuunganisha na meza ya mhasibu bila wewe kujua mhasibu wa mwezi huu anaitwa nani. Hiyo mia mbili na kumi ndiyo tunayoiita ekstensheni, namba ya ndani. Na vitufe ninavyovizungumzia leo vimezaliwa kutokana na kazi ya yule opereta: vimeichukua meza yake kubwa ya nyaya, vikaigawa vipande vidogo na kuviweka kwenye meza ya kila mtu.

Ila huyo opereta naye alikuwa na nguvu zake. Yuko Mmarekani mmoja, Almon Strowger, mwenye biashara ya mazishi mjini Kansas City. Inasimuliwa kwamba mke wa mshindani wake alikuwa opereta wa simu, na kila msiba ulipotokea mjini, simu ya kutafuta mtu wa kuzika ilikuwa inapotea njia na kuishia kwa mumewe. Strowger alikasirika akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila kupitia mkono wa mtu, na mwaka 1891 akapewa hataza yake. Kisa cha mke wa mshindani huenda kimetiwa chumvi, hataza ni ya kweli. Nakitaja kwa sababu mwenye zahanati ya Madale na yule mzika watu wa Kansas City wanasumbuliwa na jambo moja: anayeshika simu ndiye anayeshika wateja.

Haya, tuingie ndani ya simu yenyewe.

Simu za kwanza zenye vitufe vya laini, zile unazoziona kwenye filamu za Kimarekani za zamani, zilikuwa na vitufe sita chini ya sahani ya namba: kimoja chekundu cha kumweka mtu holdi, na vitano vya laini tano. Zilifanya kazi vizuri, lakini kila simu ilivutiwa waya mnene wa nyuzi hamsini, kwa sababu kila laini na kila taa ilitaka nyuzi zake. Ofisi yenye simu kumi ilikuwa na mashina ya nyaya chini ya zulia. Mabadiliko yalikuja mtambo ulipoanza kugeuza sauti kuwa tarakimu. Mwaka 1975 kampuni ya Kanada, ile iliyokuja kujulikana duniani kwa jina la Nortel, ilitoa mtambo wa kidijitali wa ofisi ulioitwa SL-1, na wenzake wakafuata. Sauti yako inapimwa mara 8,000 kila sekunde, kila kipimo kinaandikwa kwa biti 8, jumla biti 64,000 kwa sekunde, na zote zinapita kwenye nyuzi mbili nyembamba. Pembeni ya sauti, kwenye nyuzi hizohizo, kuna njia ndogo ya ujumbe: kitufe gani kimebonyezwa, taa gani iwashwe, maneno gani yaandikwe kwenye kioo.

Hiyo njia ndogo ndiyo siri yote. Kitufe cha simu ya kidijitali hakina kazi yake chenyewe. Ni kama kengele ya mlangoni: unabonyeza nje, anayeamua kufungua yuko ndani. Unapobonyeza kitufe cha tatu, simu inautumia mtambo, kile kisanduku cha ukutani, ujumbe mfupi tu, "kitufe cha tatu, simu namba mia mbili na tano". Mtambo unaangalia daftari lake: kitufe cha tatu kwa huyu ni nini? Ni laini ya nje? Ni ekstensheni ya daktari? Ni namba ya duka la dawa? Ni kuelekeza simu zote kwa msaidizi? Kisha unatekeleza. Ndiyo maana kitufe kilekile kinaweza kuwa cha bosi leo na cha stoo kesho, bila kugusa waya. Na ndiyo maana kitufe ambacho hakuna aliyekiandikia kitu kwenye daftari la mtambo, ukikibonyeza siku nzima, utaambulia maumivu ya kidole.

Wazee watalikumbuka kufuli. Zamani za simu ya kuzungusha, mabosi waliokuwa na uchungu na bili walikuwa wanatia kufuli dogo kwenye tundu la sahani, isizunguke. Vijana wa ofisini wakagundua kwamba sahani ile kazi yake ni kukata na kuunganisha umeme wa laini kwa haraka, na kazi hiyo inaweza kufanywa kwa kugongagonga kile kitako kinachobonyea ukiweka mkonga. Gonga mara tatu, umepiga tatu. Gonga mara kumi, umepiga sifuri. Mtu mwenye kidole chepesi alipiga simu hadi Arusha na kufuli likiwa limefungwa vizuri kabisa. Kwenye simu ya kidijitali ujanja huo umekufa. Ukigonga, mtambo unasoma kwamba umeweka mkonga na kuunyanyua, basi. Zuio halipo tena mezani kwako, liko kwenye kisanduku ukutani: simu ya stoo ipige za ndani tu, ya mhasibu ipige namba za 07 na 06 lakini isivuke mpaka, ya mkurugenzi ipige popote. Na anayetaka kupiga nje kwa kutumia simu ya mezani ya mwenzake anaingiza namba yake ya siri kwanza, ili bili ijulikane ni ya nani.

Lakini kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu kwenye simu hizi, na vingine vyote viondolewe, ningechagua taa.

Kila kitufe cha mwenzako wa ofisini kina taa. Mwenzako akinyanyua mkonga, taa yake kwenye simu ya mapokezi inawaka nyekundu na kutulia. Akiweka chini, inazimika. Basi. Ni jambo dogo kiasi kwamba kwenye matangazo ya biashara haliandikwi hata kwa herufi kubwa. Sasa sikiliza linavyofanya kazi. Mama amepiga kutoka Bunju, mtoto ana homa, anamtaka daktari. Dada wa mapokezi anatupa jicho, taa ya daktari nyekundu. Anasema: "Mama, daktari yuko kwenye simu nyingine. Unasubiri kidogo, au nikuunganishe na muuguzi?" Sekunde tatu. Hajanyanyuka kitini, hajagonga mlango, hajamwacha mama anasikiliza kelele za korido. Linganisha na ofisi ya simu za mkononi. "Subiri mama nimwangalie." Anatoka na simu mkononi, njiani anasimamishwa na mgonjwa mwingine, anafika mlangoni anakuta daktari anaongea, anarudi, salio la mama limekwisha. WhatsApp itakuambia mtu yuko hewani au hayuko. Haikwambii kama amenyanyua simu anaongea na maabara.

Kwenye vitufe vya laini za nje taa zinasema zaidi kidogo. Katika simu za Panasonic, ambazo nadhani ndizo zilizoenea zaidi kwenye ofisi ndogo za kwetu, kijani iliyotulia ina maana laini hiyo unayo wewe. Nyekundu iliyotulia, anayo mwenzako. Kijani inayopepesa polepole, umemweka mtu holdi na anakusubiri. Mhudumu aliyezoea anasoma safu ile kwa kupitisha jicho tu, na anajua ofisi nzima inafanya nini. Nimewahi kukaa mapokezi ya shule moja nikisubiri karo ihesabiwe, nikamtazama dada mmoja akiendesha laini tatu na wazazi wawili waliosimama mbele yake, hakupandisha sauti hata mara moja. Nilisahau kilichonipeleka.

Holdi yenyewe ina kumbukumbu. Ukimsahau mtu, baada ya muda, mara nyingi kama dakika moja kutegemea fundi alivyopanga, simu inakulilia tena kukukumbusha. Na ule muziki anaosikia mtu akisubiri una hataza yake, ya mwaka 1966, ya Mmarekani Alfred Levy. Kisa chake kinasema waya uliolegea kiwandani kwake uligusa chuma cha jengo, matangazo ya kituo cha redio cha jirani yakaanza kusikika kwenye simu. Mimi binafsi ningependa ofisi za Dar zibadilishe zile kengele za kompyuta zinazorudia sauti nane milele, waweke taarabu, watu wasubiri kwa amani.

Kudaka simu nako kuzuri. Simu ya mwenzako inalia meza ya pili, yeye ameenda kuswali. Unabonyeza kitufe chako cha kudaka, mazungumzo yanakuja kwako. Hakuna kukimbia. Na shuleni kuna kutangaza: mwalimu mkuu anabonyeza kitufe, sauti yake inatoka kwenye spika za simu zote zilizo kimya, "Mwalimu wa zamu, tafadhali ofisini." Kitufe cha kuelekeza simu na kile cha usinisumbue wanavipenda mabosi, na shida yake mnaijua: bosi anabonyeza kimojawapo kabla ya kikao, kikao kinaisha, anasahau, na jioni analalamika kwamba siku hizi hakuna anayempigia.

Ila kitufe ambacho Madale inakihitaji kuliko vyote ni cha usiku.

Mchana simu ya zahanati inalia mapokezi. Saa mbili usiku mapokezi panafungwa, anabaki muuguzi wa zamu chumba cha ndani na mlinzi getini. Kwenye mtambo kuna hali mbili, ya mchana na ya usiku, na kitufe kimoja cha kugeuza. Au unauambia mtambo wenyewe ugeuke kwa saa. Ikifika usiku, simu inayopigwa kutoka nje inalia kwa muuguzi. Asipopokea mara kadhaa, inahamia kwa mlinzi. Mlinzi naye ana simu ya kawaida tu getini, haina kitufe hata kimoja cha ziada, na kengele ya geti imeunganishwa kwenye mtambo uleule, kwa hiyo mgonjwa akifika kwa bajaji saa nane usiku na kubonyeza kengele, muuguzi anazungumza naye kutoka ndani kabla ya geti kufunguliwa. Mpangaji wa Madale anajua barabara za huko usiku zilivyo, na taa za mitaani zilivyo chache. Nani apokee saa nane usiku? Tumerudi kwa fundi na kalamu yake. Simu haiwezi kulijibu hilo, inaweza tu kulifuata jibu mkilipata.

Sasa nije kwenye ubaya wake, maana sikuja hapa kuuza simu.

Ubaya wa kwanza ni umeme. Simu ya zamani ya TTCL ilikuwa inaletewa umeme wake na kituo cha simu kupitia waya uleule wa shaba, volti 48 hivi, na kituoni kulikuwa na betri. Mtaa mzima ukiwa gizani, simu inalia. Simu ya kidijitali inakula kutoka kwenye mtambo wa ofisi yako, na mtambo unakula kutoka TANESCO. Umeme ukikatika, vitufe vyote na taa zake zote vinakuwa mapambo. Waliobuni mitambo hii walilijua hilo, wakaacha mlango wa dharura: umeme ukizimika, mtambo unaiunganisha laini ya nje moja kwa moja na tundu moja maalumu, na ukichomeka hapo simu ya kawaida ya bei rahisi, itaendelea kulia. Katika ofisi nyingi tundu hilo liko wazi, au limechomekwa mashine ya faksi iliyokufa. Tena kumbuka, mlango huo una maana kama laini yako ya nje ni ya shaba. Madale wengi hawana. Wao huvuta laini kwa kisanduku kinachomeza kadi ya simu ya mkononi na kuuonyesha mtambo kana kwamba ni laini ya mezani, au wanapata namba juu ya faiba. Hapo bila betri ya akiba, au UPS, umeme ukienda kila kitu kimekwenda. Nunua betri kwanza, ndipo ununue simu ya bosi yenye kioo kikubwa.

Ubaya wa pili ni fundi anayeondoka na funguo. Mtambo una neno la siri la kuingilia kwenye lile daftari la vitufe. Fundi mmoja analibadilisha asimwambie mtu, ili kila mara mfanyakazi mpya akija aitwe kwa nauli na posho. Mwingine analiacha lile la kiwandani, ambalo kila fundi duniani analijua, na hapo wezi wa simu wanaweza kuingia kwa njia ya laini ya nje usiku, wakapigia nchi za mbali kwa gharama yako mpaka bili ikufumbue macho. Daini neno la siri kwa maandishi. Daini na mchoro wa vitufe: ekstensheni fulani iko meza gani, kitufe gani kina nini. Karatasi moja inatosha, ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la mtambo.

Nikiwa hapohapo kwenye karatasi, kile kijikaratasi chini ya plastiki ya simu. Ofisi inalipa mamilioni kufunga mtambo, halafu kijikaratasi kinabaki cheupe kwa sababu kalamu ilikuwa mbali. Au kina jina la meneja aliyeacha kazi zamani. Mfanyakazi mpya anakaa mbele ya vitufe kumi na viwili visivyo na majina, anatumia kimoja, cha spika. Mtu akikwambia simu hizi ni ngumu, mwombe akuonyeshe kijikaratasi chake.

Yule kijana wa kwenye daladala, kama bado hujashuka, una hoja, na nisikunyime haki yako. Panasonic wenyewe mwaka 2022 walitangaza kuiacha biashara ya mitambo hii. Nortel iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2009 na haikuinuka tena. Simu za ofisini sasa zinapita kwenye waya wa kompyuta, zikitumia utaratibu uitwao SIP, ulio wazi kwa kila mtengenezaji tangu 1999, na mtambo unaweza kuwa programu ya bure kama Asterisk inayoendeshwa na kompyuta ndogo kabatini. Simu za Yealink na Grandstream zinazouzwa leo zina vitufe vilevile na taa zilezile, baadhi yake majina yanaandikwa kwenye kioo badala ya karatasi. Ukitaka, dada wa mapokezi anaweza kuwa na programu ya kupokelea simu za ofisi kwenye simu yake ya mkononi, akapokea namba ya ofisi akiwa sokoni Tegeta, na siku akiondoka unamfutia tu ufikiaji wake. Namba inabaki kitini, hata kama kiti chenyewe hakipo. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Kisanduku kinaweza kuwa cha chuma ukutani au programu iliyoko nje ya nchi. Fundi atakuja na swali lilelile.

Nimalizie na walioniandikia kuuliza kama wanunue simu hizi za mezani zilizotumika, zinazouzwa Kariakoo kwa bei ya chini. Nunua, ila jua unachonunua. Simu ya aina hii haizungumzi na mtambo wa kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja hazielewani zote. Geuza simu usome chini. KX-T7730, yenye vitufe 12 na kioo cha mstari mmoja, si ya kidijitali kamili, sauti yake bado ni ya analogi: inataka nyuzi nne, mbili za sauti na mbili za ujumbe, na inafanya kazi kwenye ule mtambo mdogo wa KX-TES824 ambao ofisi nyingi zinao, ule unaoanza na laini tatu za nje na simu nane za ndani. KX-DT543 ina vitufe 24 na inapendeza zaidi mezani, lakini ukiichomeka kwenye mtambo huohuo haitawaka hata taa moja. Simu za SIP hazina matata hayo mengi. Kwa hiyo kabla hujatoka nyumbani, piga picha ya kibandiko cha mtambo wako. Ukifika dukani, mwambie muuzaji aichomeke kwenye mtambo wa aina hiyohiyo uone taa zinawaka. Akikuambia "hizi zote zinaingiliana bosi," rudisha pesa mfukoni uende duka la pili.